Andika Kazi ya Kesho Leo Jioni

Mkulima wa skimu ana kazi nyingi kuliko saa. Maziwa yanangojewa barabarani, pareto imechanua, na leo ni siku ya josho. Asiyeandika hukumbuka josho jua likiwa utosini, wenzake wakirudi na ng'ombe wao.

Nunua daftari dogo. Jioni, baada ya kukamua, keti na mkeo, maana yeye ndiye ajuaye nani atateka maji, mwandike kazi tatu au nne za kesho. Kazi 20 ni ndoto, si mpango. Zenye saa yake zitangulie. Palizi yaweza kungoja hadi alasiri. Ng'ombe anayetaka dume hawezi. Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Ukisahau, utangoja siku 21 hivi, na ndama atachelewa, na maziwa pia. Basi andika tarehe aliyopandishwa, uhesabu siku 21 mbele, utie alama hapo umtazame tena.

Kazi isiyokwisha ihamishie ukurasa wa kesho. Ikihamishwa mara tatu, ifanye kabla ya chai, au uifute.