Bega Likiganda Namoruputh, Sindano Ichomwe Wapi?

Kwa Waturkana, mwanamke ndiye fundi wa nyumba. Hukata fito, akazikunja na kuzifunga juu ya kichwa chake hadi akai, yaani nyumba yenyewe, isimame, kisha akafuata maji na jerikeni la lita 20. Bega lake likigoma, boma zima linajua.

Maumivu huanza pole pole, mara nyingi bila kuanguka wala kugongwa. Usiku ndio balaa: akilalia upande huo, usingizi umeisha. Miezi ikipita maumivu hupungua, lakini mkono haupandi wala haufiki mgongoni. Hilo ndilo bega lililoganda, jina lililotolewa na daktari mpasuaji wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934. Utando unaozunguka kiungo huvimba, ukanenepa na kukaza. Wengi wanaougua wana miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na kisukari huzidisha hatari.

Mgonjwa wa maumivu akifika zahanati huomba sindano, na mara nyingi huchomwa diclofenac, dawa ya maumivu, matakoni. Anapata nafuu ya siku moja, mbili, basi. Sindano ya bega ni nyingine kabisa: steroidi, kwa mfano triamsinoloni miligramu 40, ikiandamana na dawa ya ganzi, na huingizwa ndani ya kiungo chenyewe. Mwenye mashine ya altrasaundi huiona ncha ikiingia; asiye nayo hupapasa mifupa ya bega na kuongozwa na vidole. Wengine huongeza maji ya chumvi ili utando utanuke.

Kabla ya hapo kuna kipimo kisichohitaji hata umeme. Kiwiko hubanwa ubavuni, kisha daktari huuzungusha mkono nje taratibu. Mgonjwa akishindwa lakini daktari akaweza, huenda shida ni kano. Wote wawili wakishindwa, na eksirei haina kasoro, bega limeganda.

Mkazi wa Namoruputh, kule Loima, akihitaji mtaalamu hutazama hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Lodwar. Wa Kakuma yuko takriban kilomita 120 kutoka mji huo. Safari huahirishwa, maana mbuzi hawangoji. Hasara iko hapo hapo: steroidi huzima uvimbe, haifungui utando uliokwisha kukaza. Hufaa zaidi miezi ya mwanzo, na nafuu yake ni ya wiki kadhaa tu, ambazo ni za kufanya mazoezi: kupandisha vidole ukutani, kuubembeza mkono ukining'inia.

Aliye mbali na chumba cha upasuaji asikate tamaa. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 503, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2020, ulilinganisha fiziotherapia pamoja na sindano dhidi ya njia mbili zinazofanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Hakuna iliyoibuka mshindi wa wazi.

Lipo la kuulizwa kabla ya kuchomwa: sukari ni ngapi? Steroidi huipandisha kwa siku kadhaa, hivyo mwenye kisukari amwambie daktari mapema, na baada ya sindano apime kila siku mpaka irudi kiwango chake. Asiyejua hali yake atoe tone la damu kidoleni kwanza.