Seva ya ofisi ikigoma, usikimbilie kufuta mashine

FIKIRIA siku ya malipo. Wakulima wamepanga foleni nje ya ofisi ya chama chao cha msingi, kila mmoja na stakabadhi ya mizani mkononi. Ndani, karani anataka kufungua orodha ya mapokezi ya pamba, ambayo imehifadhiwa katika kompyuta moja inayotumiwa na wote, yaani seva. Kompyuta inamjibu kuwa haiwezi kuunganishwa.

Wengi hudhani kumbukumbu zimepotea. Mara nyingi zipo salama. Kilichofungwa ni mlango tu. Hasara kubwa huja pale mtu mwenye haraka anapofuta mashine na kuweka programu upya, maana hapo kumbukumbu za msimu mzima zinaweza kuondoka kweli.

Jambo la kwanza ni kuuliza: je, ni kompyuta moja inayokataliwa au zote? Ikiwa ni moja, tafuta kosa kwenye kompyuta hiyo. Ikiwa ni zote, nenda kwenye seva na kwenye swichi inayounganisha waya.

Pili, angalia waya na taa. Umeme ukikatika na kurudi, seva huenda haikuwaka tena, au swichi imebaki imezimwa. Taa ndogo pale unapochomekwa waya wa mtandao inapaswa kuwaka.

Tatu, hakiki anwani. Kwa kawaida ruta ndiyo hugawa anwani, na ikizimika inaweza kuipa seva nyingine. Jana ilikuwa 192.168.1.10, leo ni 192.168.1.23, na makarani bado wanabisha hodi nyumba ya zamani. Soma anwani kwenye seva yenyewe, kisha ijaribu kwa amri ya ping kutoka kompyuta nyingine. Ikijibu, njia iko wazi. Ikikaa kimya usihitimishe bado, kwa kuwa ulinzi wa mtandao, yaani fayawoli, huweza kuzuia hata ping. Dawa ya kudumu ni kuipa seva anwani isiyobadilika.

Nne, angalia huduma yenyewe. Mashine inaweza kuwaka huku programu ya kugawa mafaili imelala. Kwa wanaotumia Linux, programu hiyo ni Samba; hakikisha smbd inafanya kazi, na amri ya testparm itakuonyesha makosa ya mpangilio. Aidha, angalia kama diski imejaa.

Huduma hii hupokea wageni kupitia mlango namba 445. Ukibadilisha ruta, Windows inaweza kuuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa hadharani na kufunga mlango huo. Badilisha mtandao uwe wa binafsi. Usizime fayawoli yote.

Tano, ni umri wa mashine. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilitumia udhaifu wa SMB1, lugha ya zamani ya kugawa mafaili, na kushambulia kompyuta katika nchi zaidi ya 150. Tangu mwishoni mwa mwaka huo, Windows 10 mpya huja bila seva ya SMB1. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, limeongeza masharti: hukataa seva inayopokea wageni bila neno la siri. Ndiyo maana ofisi ikinunua kompyuta mpya, seva ya zamani huonekana kama imeharibika.

Usishawishike kuirudisha SMB1. Boresha programu ya seva, na mpe kila karani jina na neno lake la siri. Ukiona kompyuta inadai neno la siri, jipe moyo: umeshafika mlangoni, kilichobaki ni ufunguo.

Hata hivyo, hatua zote hizi hazina maana bila nakala. Kila jioni ya msimu, nakili orodha kwenye diski ya nje, uichomoe na kuihifadhi mbali na ofisi. Vilevile, bandika ukutani karatasi yenye anwani ya seva na namba ya simu ya fundi. Hapo seva ikigoma siku ya malipo, utafungua nakala kwenye kompyuta yoyote, na mkulima ataondoka na fedha yake wakati fundi akiendelea na kazi.