Nilitaka Zanzibar, Tukaishia Tukuyu

Yote yalianza na picha. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye chuo, alikwenda na mumewe na watoto wao Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki chenye nyumba nyeupe na makanisa yenye kuba za bluu. Aliporudi akanionyesha picha kwenye simu, moja baada ya nyingine. Mimi naitikia "jamani, pazuri!" huku moyoni wivu unanitafuna. Nilirudi nyumbani jioni ile nimenuna, na aliyenunuliwa, kama kawaida, ni baba watoto.

Ugiriki siwezi, hilo nilijua. Lakini Zanzibar je? Nikaandaa mpango kamili kwenye karatasi: siku nne Nungwi, boti kwenda na kurudi, watoto waogelee, sisi tukae ufukweni jua likizama. Mume wangu akaisoma, akaikunja, akasema, "Tutaona." Wanandoa wenzangu mnajua maana ya "tutaona".

"Basi twende kwenu Tukuyu," nikamwambia kwa hasira kidogo. "Kule angalau hatulipi hoteli."

Nilidhani atafurahi. Mwanaume gani wa Kinyakyusa asingependa kumsikia mkewe, mtu wa Tanga, akiomba kwa mdomo wake mwenyewe kwenda Rungwe? Badala yake uso ukamshuka. "Nyumbani ni ghali kuliko Zanzibar," akasema, akatoka nje. Usiku ule tulilala kila mtu na ukuta wake.

Ahadi ambayo sikuielewa

Ilichukua wiki mbili kulipata jibu. Umeme ulikatika, watoto wamelala, hakuna televisheni wala simu yenye chaji. Kwenye giza lile ndipo akasema.

Baba yake alipofariki, miaka mitatu iliyopita, ukoo ulikaa kikao baada ya mazishi. Mume wangu akasimama mbele ya watu, akaahidi kuezeka upya nyumba ya mama yake. Wakati ule alikuwa na kazi nzuri na gari. Mimi nilikuwepo kikaoni, nimekaa na akina mama, lakini aliongea Kinyakyusa na sikuambulia hata neno. Niliona wenzangu wanatikisa vichwa kukubali, na mimi nikatikisa.

Mwaka uliofuata kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ikapunguza wafanyakazi, naye akawemo. Gari tukaliuza tulipe madeni. Tangu hapo anaishi kwa kazi za muda, leo ipo, kesho haipo. Kila mwezi alimtumia mama hela kwa simu, ila kwenda mwenyewe hakuthubutu.

"Nishuke stendi na begi mgongoni?" aliniuliza. "Wataniuliza gari liko wapi. Halafu wataniuliza mabati yako wapi."

Nilinyamaza. Kwa miaka yote ile mimi nilidhani hajali tu. Kuna siku tukigombana nilimwambia, "Hata mama yako mzazi humwendei." Maneno yale yalinirudia usiku ule nikaona aibu.

Kesho yake tukakaa na kikokotoo kama wahasibu. Nauli ya basi kwa watu wanne. Kitenge na sweta la mama. Sukari, sabuni na majani ya chai ya kugawa kwa majirani. (Ndiyo, majani ya chai, kupeleka wilaya inayolima chai! Mume wangu alicheka sana.) Laki moja na nusu za kuwapa wazee na watoto wa ndugu. Tukakubaliana kwamba hiyo ikiisha, imeisha, na neno "hatuna" tutalisema wote wawili, siyo mmoja amsukumie mwenzake. Mwisho tukatenga siku mbili za Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Zanzibar yangu nikaipata kwa mlango wa nyuma.

Kutoka Uyole, baridi

Tuliondoka Dar alfajiri, mwezi wa Juni shule zimefungwa. Mikumi watoto waliwaona twiga kupitia dirishani. Kwenye kona za Kitonga mdogo wetu akatapika. Iringa, Makambako, halafu Uyole, pale ambapo barabara ya Tukuyu inaiacha ile ya Mbeya mjini na kukata kushoto kuelekea Kyela na mpaka wa Malawi. Kutoka hapo masweta yakatoka kwenye mabegi. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,500, na Juni ukungu wake haukuombi ruhusa, unaingia mpaka chumbani.

Tulifika usiku, tukashuka stendi na mabegi yetu mgongoni. Hakuna aliyetuuliza gari.

Asubuhi nilipofungua mlango ndipo nikaelewa kwa nini Wajerumani waliing'ang'ania sehemu hii, wakaweka boma lao na kuiita Neu Langenburg. Kila kitu ni kijani, migomba, chai, parachichi, na juu ya vyote umesimama mlima Rungwe wenye mita 2,960. Mlima huo ni volkano. Nikacheka peke yangu. Santorini nayo ni volkano, kreta iliyoingiliwa na bahari. Hapa Rungwe wana Ziwa Ngozi, kreta iliyojaa maji juu mlimani katikati ya msitu. Katika misitu ya mlima Rungwe ndipo mwaka 2003 watafiti walipomtambua kipunji, nyani ambaye wanasayansi hawakuwa wakimjua, ingawa wawindaji wa huku walikuwa na jina lake siku zote.

Mama mkwe akatoka jikoni. "Mughonile," akawasalimu wajukuu. Wakatazamana. Mkubwa wetu ana miaka tisa na hajui salamu ya bibi yake. Nikapiga goti, nikaitikia kwa neno pekee ninalolimudu, "Ndaga, mama." Ni asante, siyo jibu lenyewe, lakini alicheka na kunishika mkono.

Chini ya daraja

Siku ya pili mume wangu alitupeleka Daraja la Mungu, kwenye mto Kiwira. Ni mwamba uliovuka mto kama daraja lililojengwa na fundi, kumbe ni lava iliyoganda zamani, maji yakabaki yanapita chini yake. Hapo jirani kuna Kijungu, mahali ambapo mto huohuo unatumbukia kwenye shimo la mwamba mithili ya chungu na kuendelea na safari.

"Baba, haya maji yanakwenda wapi?" mdogo akauliza.

"Ziwa Nyasa. Jumamosi mtaogelea ndani yake."

Akaanza kuwasimulia jinsi alivyokuwa akija hapa na baba yake. Mimi nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo hata mara moja, miaka kumi ya ndoa. Nikakaa pembeni kwenye jiwe, nikamwacha aongee.

"Wewe ndiyo hufiki"

Jioni ile tulikaa jikoni kwa mama, tumezunguka moto, ndizi na maharage kwenye sufuria. Mvua ikaanza. Kwenye kona ya chumba cha mbele tukasikia tone, halafu tone. Mama akainuka, akaweka ndoo, akarudi kukaa. Aliifanya kazi hiyo kwa mazoea, kama mtu anayefunga mlango.

Mume wangu akainamisha kichwa. Safari hii aliongea Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. Akamwambia mama yake yote, kazi, gari, madeni, ile ahadi.

Mama akageuza kuni. "Kazi nilijua tangu mwaka juzi," akasema. "Hela ilipungua, nikajua huko nako kumepungua. Hela zinafika, mwanangu. Wewe ndiyo hufiki."

Hakuna aliyesema kitu. Mume wangu, ambaye sikumwona akilia hata kwenye msiba wa baba yake, alilia. Watoto wakashangaa. Mama akampa sahani ya ndizi akamwambia ale, zinapoa.

Baadaye akaeleza kuwa panapovuja ni kona moja tu. Bati nne zinatosha kwa sasa. Ukoo wanaotaka nyumba nzima iezekwe waje waezeke wao.

Nilikumbuka jambo nililowahi kulisoma. Miaka ya 1930 walikuja huku mke na mume watafiti, Godfrey na Monica Wilson, wakaishi na Wanyakyusa. Mume alifariki mwaka 1944, na mwaka 1951 mke akachapisha kitabu kuhusu vijiji vya Wanyakyusa, vile ambavyo wavulana wa rika moja walikuwa wakijijengea wenyewe na kuishi pamoja mpaka uzee. Neno alilolitilia mkazo ni *ukwangala*, ile raha ya kukaa na wenzako, mkala, mkaongea, mkasikilizana. Ameandika pia kwamba zamani mkamwana wa Kinyakyusa alitakiwa kumkwepa kabisa baba mkwe wake, hata kumtazama ilikuwa mwiko.

Nikamuuliza mama kuhusu ukwangala. Akanitazama kama niliyeuliza maji ni nini. "Si ndo hiki tunachofanya?"

Matema, na bibi ndani

Ijumaa tulipanga kwenda Matema sisi wanne. Mume wangu akaniuliza, kwa woga kidogo, kama mama anaweza kuja. Nisiwadanganye, moyo ulisita. Zile zilikuwa siku zangu mbili. Lakini mama alikuwa hajaliona ziwa tangu usichana wake, na ziwa liko safari ya saa chache tu. Nikasema twende.

Barabara inateremka kutoka mita 1,500 hadi chini kidogo ya 500, na masweta yakarudi mabegini. Migomba inaiachia nafasi kakao na mashamba ya mpunga, ule mchele wa Kyela mnaougombania sokoni. Halafu ghafla maji, na ng'ambo milima ya Livingstone imeshuka wima mpaka ziwani. Mchanga upo, mawimbi yapo, chumvi hakuna.

Jumamosi ni siku ya soko la vyungu pale Lyulilo. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake wa Kikisi kule Ikombe, vikaletwa kwa mitumbwi. Mama alibishana bei nusu saa nzima, akashinda, akanikabidhi chungu mimi. "Cha kwako. Maharage ya sufuria siyo maharage." Kisha akavua viatu, akashika mikono ya wajukuu, wakaingia majini mpaka magotini.

Mimi na mume wangu tukabaki mchangani, jua linazama upande wa Malawi. Akanionyesha ujumbe kwenye simu. Alikuwa amempigia rafiki yake wa utotoni, fundi wa Tukuyu, na wamekubaliana bati nne zipigwe Jumatatu. Zinalipwa nusu sasa, nusu mwezi ujao. Hakuniomba ruhusa, aliniomba ushauri. Nikamwambia hela ya hoteli ya usiku wa pili itoke hapo, turudi kulala kwa mama.

Sijui kama ndoa yetu imepona. Kazi ya kudumu bado haijapatikana na nyumba bado ina bati nyingi za kuukuu. Lakini "tutaona" nimeacha kuisikia. Siku hizi ananiambia "hatuna", na mimi najua tuanzie wapi. Chungu nilikipakata kutoka Tukuyu mpaka Dar, na maharage yake, mama alisema kweli.

Nanyi mnataka kwenda?

*Semeni hela kwanza.* Kaeni wawili mwandike nani atapewa nini. Ugomvi wa fedha ukianzia ukweni haumalizikii ukweni.

*Usafiri.* Kwa basi kutoka Dar ni siku nzima. Wenye uwezo wa ndege watumie uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, kisha barabara kupitia Uyole.

*Mavazi.* Tukuyu ni sweta na koti la mvua, hasa Juni na Julai. Kyela na Matema ni joto na mbu, msisahau chandarua.

*Ngozi.* Kupanda ni kwa miguu, msituni, na mwisho ni mwinuko mkali. Watoto wadogo wabaki na bibi. Chukueni mwongozaji.

*Kuogelea.* Waulizeni wenyeji kabla ya kuingia majini. Karibu na midomo ya mito mamba wapo.

*Salamu.* Wafundisheni watoto angalau mbili kabla ya kufika. Sisi tumeanza sasa, kila Jumapili, kwa simu na bibi.