Bunge na Kanuni Zake (3): "Hilo ni swali jipya"

Wiki iliyopita tulifuata safari ya swali la msingi, tangu mbunge anapoliandika hadi linapopata namba kwenye Orodha ya Shughuli. Leo tuingie ukumbini Dodoma. Ni saa tatu asubuhi, dua imesomwa, hati zimewasilishwa mezani, na Katibu ameita maswali. Mbele kuna dakika tisini ambazo mafanikio yake yanategemea zaidi aliyekaa kwenye Kiti, awe Spika, Naibu Spika au mmoja wa Wenyeviti wa Bunge.

Nitataja namba za kanuni kama zilivyo katika toleo la Januari 2016, ambalo namba zake zimezoeleka masikioni mwa wengi. Matoleo yaliyofuata yamepanga namba upya, kwa hiyo mwenye nakala mpya asishangae akikuta mambo yamehama.

Waziri akishajibu swali la msingi, aliyeuliza hupewa maswali mawili ya nyongeza, kisha Kiti huchagua wengine wachache kati ya wale waliosimama. Nyongeza lazima itokane na swali la msingi au majibu yake, na wabunge wamebuni njia ya kulizunguka sharti hilo. Sikiliza redio siku yoyote ya kikao. Swali la msingi linahusu daraja la wilaya moja ya kusini. Anasimama mbunge wa kanda ya ziwa: "Kwa kuwa tatizo hilo linafanana kabisa na lililopo jimboni kwangu, na kwa kuwa wananchi wamesubiri muda mrefu, je, Waziri yuko tayari kuongozana nami akajionee mwenyewe?" Daraja la kusini limekwisha kusahaulika. Kiti kikiwa na muda huachia, maana naye mbunge ana wapiga kura wanaomsikiliza. Muda ukibana, au swali likitoka kwenye daraja na kuhamia kwenye bei ya pamba, hukata: hilo ni swali jipya, lete kwa maandishi.

Mawaziri nao wamelipenda neno hilo. Mara nyingi waziri hulitamka mwenyewe kabla Kiti hakijasema kitu, na mbunge huketi kana kwamba hukumu imetoka. Haijatoka. Kauli ya waziri kwamba swali ni jipya ni maoni ya anayeulizwa. Mwenye mamlaka ya kuamua ni Kiti peke yake. Naona wabunge wengi, hasa wa muhula wa kwanza, wanapoteza haki yao hapo kwa kutojua hilo.

Mamlaka mengine ni makubwa zaidi, nayo hutumika kwa nadra. Kanuni ya 46 inamtaka waziri ajibu swali kwa ukamilifu kama lilivyoulizwa, na Spika akiona halikujibiwa hivyo, ataagiza lijibiwe upya katika kikao kingine. Msomaji alinganishe na London, ambako utaratibu wetu una asili yake. Spika wa House of Commons hana wajibu juu ya maudhui ya majibu ya mawaziri. Mbunge wa kule akilalamika kwamba Waziri Mkuu amekwepa swali, huambiwa hilo si jambo la Spika, atafute njia nyingine ya kumbana. Spika wetu hana kisingizio hicho. Jibu likiwa ni "Serikali iko kwenye mchakato" bila tarehe wala fedha, naye akaita swali linalofuata, amechagua kuliacha lipite.

Majirani zetu Wakenya walipita njia tofauti kabisa. Katiba yao ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri miongoni mwa wabunge, na tangu Bunge la 2013 maswali yakawa yanajibiwa kwenye kamati. Miaka kumi baadaye, mwaka 2023, mawaziri walirudishwa ukumbini kujibu maswali ana kwa ana. Kumbe kamati haikutosha.

Turudi Dodoma, maswali yamekwisha. Wageni walioko kwenye jukwaa wametangazwa, wanafunzi wamesimama wakapigiwa meza, na ghafla watu watano wako wima wakiita "Mwongozo!" Wengi hudhani huu ni mlango wa kusemea lolote. Kanuni ya 68(7) inampa mbunge nafasi ya kuomba mwongozo juu ya jambo lililotokea bungeni mapema, ili Spika aeleze kama linaruhusiwa au haliruhusiwi kwa kanuni na taratibu za Bunge. Mafuriko ya jana jimboni hayamo, hata yawe yameleta msiba. Ya namna hiyo yana kanuni yake, ya 47, ya kuomba shughuli ziahirishwe lijadiliwe jambo la dharura. Ndiyo maana miongozo mingi huishia kwenye jibu fupi: jambo hilo halikutokea hapa bungeni. Wanaosikiliza nyumbani huona Spika amemnyamazisha mbunge, kumbe mbunge ndiye aliyebisha mlango usio wake.

Kanuni hiyo hiyo inamruhusu Spika kujibu papo hapo au baadaye. Nafasi hiyo ya "baadaye" ni hazina. Juni 1, 2021, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kulalamikia suruali aliyovaa mbunge wa Momba, na Spika Job Ndugai akamtaka mbunge huyo atoke akavae vizuri. Uamuzi ulichukua dakika chache, na habari ikazunguka dunia. Kwa maoni yangu Kiti kingepumzisha jambo lile hadi jioni, kikasoma kwa utulivu kanuni ya mavazi inasema nini hasa, kisingepoteza chochote.

Mfano wa upande wa pili uko Nairobi. Mwaka 2009, katika serikali ya mseto, Rais na Waziri Mkuu walivutana juu ya nani awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, Kalonzo Musyoka au Raila Odinga. Spika Kenneth Marende alijipa muda, na Aprili 28 akasoma uamuzi mrefu wenye hoja: hakumpa yeyote kati yao, akawarudisha wakubaliane, na yeye mwenyewe akashika kwa muda uenyekiti wa kamati ya shughuli za Bunge. Wengi waliufananisha na hukumu ya Mfalme Suleiman. Mimi ninausifu zaidi kwa sababu ulitoa sababu zake hadharani, hata asiyeukubali akajua anapinga nini.

Sababu zina uzito kwetu pia. Kanuni ya 5 inasema pale kanuni zinaponyamaza, Spika ataangalia Katiba, sheria, desturi za mabunge yanayofanana na letu na maamuzi ya awali ya maspika. Maana yake uamuzi wa leo unaweza kumfunga Spika wa miaka ishirini ijayo. Na asiyeridhika hana haja ya kupiga kelele wala kutoka nje: anaandika sababu zake kwa Katibu wa Bunge, nazo hupelekwa kwa Spika hadi kwenye Kamati ya Kanuni, ambayo katika shauri hilo haiongozwi na Spika mwenyewe. Njia hiyo ipo, lakini wabunge wanaoitumia ni wachache kuliko wanaolalamika kwenye vyombo vya habari.

Taarifa rasmi za majadiliano, yaani Hansard, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Chukua ya siku moja, hesabu ni mara ngapi Kiti kimesema "swali jipya" na ni mara ngapi kimemrudisha waziri aende akajibu upya, kisha linganisha.

Wiki ijayo: kanuni ya 63, na mbunge anayetakiwa kuthibitisha ukweli wa kauli yake.