Lugha na Mandhari ya Kubuni: Mfano wa Tékumel katika Michezo ya Masimulizi ya Mezani

Ikisiri

Makala hii inajadili nafasi ya lugha katika ujenzi wa mandhari ya kubuni yatumikayo katika michezo ya masimulizi ya mezani. Mfano mkuu ni Tékumel, ulimwengu uliobuniwa na mwanaisimu M. A. R. Barker. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha huipa mandhari uhai na mpaka kwa wakati mmoja: humwingiza mchezaji ndani, lakini pia humzuia asiye tayari kujifunza.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Vifaa vyake ni vichache: vitabu vya kanuni, karatasi, penseli na dadu zenye pande mbalimbali. Mchezaji mmoja, ambaye katika makala hii ataitwa mtambaji, hueleza mahali na matukio. Wengine huvaa kila mmoja uhusika wake na kusema watakalotenda. Pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu huamua.

Msomaji wa fasihi simulizi atauona mara moja undugu wa mchezo huu na utambaji wa ngano: yupo fanani, ipo hadhira, na hadithi huzaliwa papo hapo. Hata hivyo, kuna tofauti mbili za msingi. Kwanza, hadhira ya mchezo haiitikii tu, bali huugeuza mkondo wa hadithi. Pili, ngano hutosheka na "hapo zamani za kale" na kijiji kisicho na jina, ilhali mchezo unaoendelea juma hadi juma, pengine kwa miaka, hauwezi kutosheka hivyo. Mchezaji atauliza: nyuma ya mlima ule kuna nini? Nani anatawala? Mtu husalimiwaje katika mji huu? Mtambaji hana budi kujibu, na jibu la leo lisipingane na la juma lililopita. Haja hiyo ndiyo iliyozaa mandhari zilizoandikwa na kuchapishwa.

2.0 Mandhari Zinazopendwa na Misingi Yake

Mandhari zilizopendwa zaidi zimejengwa juu ya misingi tofauti. Greyhawk ya Gygax, iliyochapishwa kama mandhari kamili mwaka 1980, ilikua kutokana na mchezo wenyewe. Forgotten Realms ilibuniwa na Ed Greenwood wa Kanada tangu utotoni mwake, kabla mchezo haujakuwapo, nayo ikachapishwa mwaka 1987. Msingi wake ni wingi wa mahali, watu na habari, hata kila mtambaji apate pa kuanzia. Glorantha ya Greg Stafford, aliyeanza kuiandika mwaka 1966 na ambayo ilitumiwa na mchezo wa RuneQuest mwaka 1978, imejengwa juu ya visasili: humo masimulizi kuhusu miungu ndiyo maelezo ya kweli ya jinsi ulimwengu unavyokwenda. Eberron ya Keith Baker ilishinda shindano la mwaka 2002 lililopokea mapendekezo yapatayo 11,000, ikachapishwa mwaka 2004. Msingi wake ni swali moja: jamii ingekuwaje iwapo uchawi ungekuwa nyenzo ya kazi za kila siku?

Tékumel inasimama peke yake miongoni mwa hizi kwa kuwa nguzo yake kuu ni lugha.

3.0 Tékumel na Lugha Zake

3.1 Mtunzi na ulimwengu wake

Barker (1929–2012) alikuwa mtaalamu wa lugha. Aliandika matini, kamusi na sarufi ya Kiklamath, lugha ya Waamerika asilia wa Oregon, zilizochapishwa mwaka 1963 na 1964. Aidha, alishiriki kuandaa vitabu vya kufundishia Kiurdu na Kibaluchi, na alifundisha katika vyuo vikuu vya McGill na Minnesota. Mchezo wake, Empire of the Petal Throne, ulichapishwa mwaka 1975.

Tékumel ni sayari iliyokaliwa na binadamu katika wakati ujao wa mbali, kisha ikatengwa na ulimwengu mwingine hata nyota zikatoweka angani. Madini ni adimu, kwa hiyo silaha nyingi hutengenezwa kwa ngozi ya mnyama iliyokaushwa na kufanywa ngumu. Wenyeji wake wamegawanyika kwa koo, vyeo na ibada za miungu.

3.2 Lugha ya Tsolyáni

Lugha ya dola kuu, Tsolyáni, ina fonolojia, sarufi na msamiati uliopangwa. Athari za Kiurdu, Kipashto, Kimaya na Kinahuatl zinatambulika ndani yake. Maandishi yake huenda kutoka kulia kwenda kushoto, mfano wa hati za Kiarabu ambazo Kiswahili nacho kiliandikwa kwazo kwa karne kadhaa.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni viwakilishi vya nafsi ya pili, ambavyo ni vingi na huchaguliwa kulingana na hadhi ya msemeshwa. Katika Kiswahili, "wewe" ni moja kwa mkubwa na mdogo. Heshima hubebwa nje ya kiwakilishi, kwa "shikamoo", kwa "mzee", kwa "bibi". Katika Tsolyáni heshima imo ndani ya kiwakilishi chenyewe, wala msemaji hana pa kuikwepa. Mpangilio wa tabaka hauhitaji kuhubiriwa, kwani umo tayari katika sentensi.

Je, mchezaji asiyejua lugha hiyo atawezaje kucheza? Barker alilitatua tatizo hili kwa ustadi. Katika kanuni za 1975, wahusika wa wachezaji ni wageni waliofika kwa chombo katika bandari ya Jakálla. Hivyo ujinga wa mchezaji na ujinga wa mhusika unakuwa kitu kimoja, na kujifunza adabu ya usemaji kunakuwa sehemu ya hadithi.

4.0 Gharama ya Kina

Licha ya sifa zake, Tékumel haikupata kamwe wachezaji wengi kama Forgotten Realms. Sababu moja ni majina. J. R. R. Tolkien naye alikuwa mwanafilolojia aliyejenga ulimwengu wake juu ya lugha, lakini majina yake mengi yanatokana na Kiingereza cha Kale na lugha za Skandinavia, kwa hiyo msomaji wa Kiingereza huyasikia kama mwangwi wa kwao. Mwangwi wa Barker watoka Asia ya Kusini na Amerika ya Kati.

Kutokana na haya yafaa kukumbushwa kwamba ugeni haumo ndani ya neno, bali umo katika uhusiano wa neno na hadhira yake. Ngome za mawe na mabaroni, vinavyohesabiwa kuwa fantasia ya kawaida, ni vya kawaida kwa hadhira fulani tu.

5.0 Mtunzi na Utunzi

Mwaka 2022 taasisi inayosimamia kazi za Barker ilithibitisha kwamba ndiye aliyeandika, kwa jina la kupanga, riwaya Serpent's Walk ya mwaka 1991, ambayo inatetea itikadi za Kinazi. Swali likazuka kama mandhari yake yaweza kutumika tena.

Isimu haiwezi kutoa hukumu hiyo, lakini yaweza kuonyesha tofauti moja. Mwandishi wa sarufi ya Kiklamath alikuwa na wasemaji wa kumsahihisha. Lugha ilikuwa yao, yeye alikuwa mwandishi tu. Katika Tsolyáni hapakuwa na msemaji wa kusema "sisi hatusemi hivyo". Hata hivyo, wachezaji walipoanza kuitamka mezani, walianza pia kuamua nini kibaki na nini kiachwe. Anayeendelea kuicheza leo ana wajibu huohuo, na hawezi kuutimiza bila kumjua mtunzi.

6.0 Hitimisho

Kwa mtu atakayetunga mandhari kwa Kiswahili, funzo ni kwamba sarufi si pambo linaloongezwa mwishoni. Mfano wa karibu ni upatanisho wa kisarufi: mtambaji anayesema "zimwi lile lilikuja" na anayesema "zimwi yule alikuja" hawajaeleza kiumbe kimoja. Wa pili amekiingiza katika jamii ya wenye uhai, na mchezaji atakayekikabili atafikiri mara mbili kabla ya kutupa dadu.