'Imekataa': Kitenzi kinachomchelewesha fundi wa kompyuta

Katika maduka ya kompyuta ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, kitenzi kimoja kimebebeshwa mizigo yote ya mitambo: 'imekataa'. Printa isipochapisha, imekataa. Simu isiposhika mtandao, imekataa. Wazungumzaji wa Gĩkũyũ nao wana 'nĩyarega' kwa maana hiyohiyo. Kwenye soga za kawaida hakuna ubaya. Katika ufundi, hata hivyo, neno hili huficha hitilafu badala ya kuifichua.

Chukua mfano wa seva ya ofisi inayotumia Linux. Hulindwa na ukuta kinga, yaani programu inayochuja data inayoingia na kutoka. Wapo wanaosema 'ukuta wa moto', ila 'wa' hapo hudokeza kwamba ukuta wenyewe ni moto, ilhali asili ya istilahi hii ni ukuta unaojengwa ili moto usivuke upande wa pili.

Tangu toleo la 2.4 la Linux, lililotoka mwaka wa 2001, uchujaji huo hufanywa na Netfilter ndani ya kiini cha mfumo. Vipande vyake vingi ni moduli ambazo hupakiwa zinapohitajika. Moduli isipopakiwa, sheria za kuchuja huenda zisianze kazi, na seva ikabaki wazi huku mwenyewe akidhani amelindwa.

Sasa fundi akimpigia mwenzake na kusema, 'Boss, moduli imekataa,' amesema nini? Kompyuta yenyewe hutofautisha mambo matatu.

Kwanza, 'haikupatikana'. Mara nyingi kiini kimesasishwa lakini mashine haijawashwa upya. Bado inatumia kiini cha zamani, ambacho moduli zake zimeshaondolewa kwenye diski. Amri ya uname -r huonyesha toleo linalotumika. Lilinganishe na majina ya folda zilizomo katika /lib/modules. Lisipokuwemo, washa mashine upya.

Pili, 'imekataliwa'. Moduli ipo, ila kiini hakiamini sahihi yake. Hutokea kwenye mashine zenye Secure Boot, hasa moduli ikiwa imeundwa papo hapo na fundi. Amri ya dmesg huweza kufichua sababu. Dawa ni kuitia moduli sahihi na kuusajili ufunguo wake.

Tatu, 'hairuhusiwi'. Hapa kasoro iko kwa mwombaji. Pengine hana mamlaka ya msimamizi, au seva yake ya kukodi ni kontena linalotumia kiini cha mashine kuu. Hata akiiwasha upya mara mia, ni kazi bure. Amwone mwenye mashine hiyo.

Tazama sarufi inavyofanya kazi. 'Imekataa' huifanya moduli kuwa mtenda, kana kwamba ina kiburi. 'Imekataliwa' huigeuza mtendwa, nasi tukauliza: imekataliwa na nani? 'Hairuhusiwi' nayo hutuelekeza kwa mwenye kutoa ruhusa. 'Haikupatikana' haina mtenda wa kulaumiwa. Kuna kitu cha kutafutwa tu.

Wanaosomea teknolojia katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, hufunzwa kwa Kiingereza, kisha hukutana na wateja wanaosema 'imekataa'. Mteja aseme apendavyo. Fundi ndiye anayepaswa kunyambua kitenzi kabla ya kugusa kibodi.