Saa 24 za Mgonjwa wa Akili Mikononi mwa Polisi

Kisa hiki nimekisikia kwa sura nyingi hata sijui tena ni cha nani. Kijana ameacha dawa, hii ni wiki ya tatu. Halali usiku. Ameziba madirisha kwa magodoro, amezima simu za nyumba nzima kwa kuwa "zinamsikiliza", na jana alimkaba mamake koo akimwambia, "Wewe si mama." Hospitali haina gari la kumfuata mgonjwa nyumbani. Wenye teksi wanakataa. Jirani aliyejitolea kumshika ameondoka na alama za meno mkononi. Mama anajifunga leso, anakwenda kituo cha polisi, na akifika kaunta hajui aseme nini. Akisema mwanawe ni mgonjwa, ataambiwa ampeleke hospitali. Akisema amempiga, kijana atafunguliwa kesi.

Wengi husema la pili, maana ndilo linalolitoa gari kituoni.

Kwa sheria ya Kenya, mama huyu hakupaswa kuchagua. Sheria ya Afya ya Akili iliyopitishwa 1989, katika kifungu cha 16, ilimpa mamlaka mkuu wa kituo, afisa yeyote kuanzia cheo cha inspekta, na hata chifu na naibu wake, kumchukua mtu wanayeamini ni mgonjwa wa akili na ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine. Kifungu hicho kinamgusa pia mgonjwa anayeteswa au kutelekezwa na jamaa zake. Mtu akifungwa mnyororo kwenye mwembe nyuma ya nyumba, polisi wana ruhusa ya kwenda kumfungua. Na akishachukuliwa, apelekwe hospitali ya akili ndani ya saa 24, au ndani ya muda wa kiasi kulingana na hali ilivyo.

Kuchukuliwa huko si kukamatwa. Hakuna kosa, hakuna shtaka, na kitabu cha matukio kituoni hakina sababu ya kumwandika mshukiwa. Kwa lugha nyepesi, sheria imemfanya askari kuwa gari la wagonjwa. Kasoro ni kwamba haikumpa vifaa vya kazi hiyo. Ana pingu, rungu, bunduki na seli, na kila kimoja kati ya hivyo kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeelewa amri.

Hapa ndipo kazi yangu ya kutibu wagonjwa wa akili inapoingia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu aliye katika saikosisi, yaani akili inapotengana na yale ambayo wengine wanayaona na kuyasikia, mara nyingi anasikiliza sauti mbili au tatu kwa pamoja. Ukimwambia "lala chini", neno lako linaingia kwenye foleni. Askari wanne wakipaza sauti, mmoja akisema inua mikono, mwingine lala, wa tatu usisogee, hata mzima wa akili atababaika. Mgonjwa huganda. Kuganda kule husomwa kuwa ni ukaidi, na ukaidi jibu lake kituoni linajulikana.

Kuna jambo lingine ambalo si wengi wanaolifikiria. Wagonjwa wengi huamini kwamba wanawindwa, na katika hofu hiyo mwindaji mara nyingi ni serikali. Kwa miezi kijana amekuwa akiwaambia watu wa nyumbani kwamba polisi watakuja kumchukua, nao wakimcheka. Leo mlango unafunguliwa na polisi ndio hao. Sare imekuwa ushahidi. Ndiyo maana askari mwerevu hubaki hatua kadhaa nyuma, huwaacha wenzake nje, hutaja jina lake la kwanza na kumuuliza mgonjwa lake. Hamwambii "hakuna sauti hizo, acha ujinga", wala hajifanyi kuzisikia. Husema, "Mimi sizisikii, lakini naona umeogopa. Tukae." Nimewahi kumwona konstebo asiye na mafunzo yoyote ya tiba akifanya hivi kwa nusu saa, kofia kaivua na kuiweka mapajani, na mgonjwa akaingia garini kwa miguu yake. Sikumuuliza alijifunza wapi. Nadhani alikuwa na ndugu mgonjwa.

Mwili nao unadanganya macho. Dawa za zamani kama haloperidol, ambazo bado tunazitumia sana kwa kuwa ni za bei nafuu, zinaweza kuufanya ulimi uwe mzito, shingo ipinde upande, mikono itetemeke na miguu iburutwe. Askari wa zamu ya usiku akimwona mtu huyo barabarani atasema amelewa, na atamtupa seli ya walevi. Kinyume chake pia hutokea, na hicho ni kibaya zaidi. Si kila anayeropoka na kuvua nguo ana ugonjwa wa akili. Malaria iliyopanda kichwani hufanya hivyo. Sukari ikishuka kwa mgonjwa wa kisukari hufanya hivyo, vilevile jeraha la kichwa au mlevi wa siku nyingi aliyeacha pombe ghafla. Hawa wanaweza kufia seli kabla hapajakucha. Mtu ambaye jana alikuwa mzima na leo amechanganyikiwa, hasa kama ana homa, apelekwe hospitali ya kawaida kwanza, usiku huohuo.

Na tafadhali, asilazwe kifudifudi amefungwa mikono nyuma huku mtu kamkalia mgongoni. Kifua kilichobanwa hivyo hakitanuki, na mtu aliyekuwa akipigana hukosa pumzi upesi. Akitulia ghafla, msishangilie. Mgeuzeni upande, mtazame kama anapumua.

Nisiwaonee polisi. Mgonjwa wa akili katika miji yetu ana adui aliye karibu zaidi ya askari, naye ni umati. Anaingia ua asioujua, anashika baiskeli au mtoto wa mtu, mmoja anaguta "Mwizi!", na mawe yanaanza. Kwa jumla wagonjwa wa akili hudhuriwa na watu kuliko wanavyowadhuru, na mara nyingi gari la polisi ndilo linalomtoa mtu pale akiwa bado hai.

Marekani walijifunza kwa damu. Mwaka 1987, mjini Memphis, mama mmoja aliita polisi kwa sababu mwanawe alikuwa akijikata kwa kisu. Polisi walifika, wakampiga risasi mwana huyo, akafa. Mwaka uliofuata polisi wa mji huo, pamoja na vyuo vikuu na jamaa za wagonjwa, walianzisha kikosi cha askari wa kujitolea waliopewa mafunzo ya saa 40. Watu hupenda kuyasifu mafunzo yale na kusahau nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito: palikuwa na mlango mmoja wa hospitali ambao askari angebisha saa yoyote na mgonjwa akapokewa bila kurudishwa.

Hata hivyo, mpango ni mpango. Mnamo Septemba 2016, huko El Cajon karibu na San Diego, mkimbizi mmoja kutoka Uganda alipatwa na msukosuko wa akili na dada yake akapiga simu kuomba msaada. Eneo lile lilikuwa na timu ya askari na mtaalamu wa afya ya akili wanaokwenda pamoja, lakini wakati huo ilikuwa kwenye tukio jingine. Askari waliofika walimuua muda mfupi baada ya kumkuta. Alichokuwa ameshika mkononi kilikuwa kifaa cha kuvutia mvuke wa sigara. Dada alikuwa ameomba msaada, akaletewa bunduki.

Kwetu bunduki hutolewa kwa nadra zaidi katika visa kama hivi. Sisi tunaua kwa seli na kwa umbali. Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi iliyoanza 1910, ingali ndiyo ambayo akili ya kila Mkenya inaikimbilia, na mkuu wa kituo cha mbali anayehesabu mafuta ya gari lake lililobaki moja ataamua kumweka mgonjwa seli hadi kesho, kisha hadi Jumatatu. Marekebisho ya sheria ya 2022 yalizipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za akili. Mimi kipimo changu ni kimoja tu: je, katika kaunti yako kuna kitanda kimoja ambacho askari anaweza kumfikisha mgonjwa saa nane za usiku? Kama hakipo, semina za polisi hotelini ni kupoteza chai.

Jambo moja limenyooka. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa miaka mingi tuliwatibu watu ambao askari alikuwa anawangoja mlangoni mwa wodi, na jamaa walidanganya kwamba sumu ilinywewa kwa bahati mbaya. Daktari akidanganywa, hutibu vibaya. Tanzania bado wana kosa hilo katika kifungu chao cha 217.

Kwenu wenye mgonjwa nyumbani, msingoje siku ya magodoro madirishani. Chukueni karatasi muandike jina la ugonjwa, dawa na kipimo chake, hospitali anakotibiwa, namba ya mtu anayemsikiliza hata akiwa amechafukwa, na kile kinachomtibua zaidi, kama kuguswa kichwani au kupigiwa kelele. Nakala moja mpelekeeni chifu mapema, nyingine ikae kwenye kadi ya hospitali. Siku mkiwaita polisi, maneno ya kwanza yawe: ni mgonjwa, hana silaha, au anayo na iko wapi, tunaomba apelekwe hospitali. Ondoeni visu na watazamaji. Na karatasi hiyo iandikwe mgonjwa akiwa ametulia, kwa mkono wake mwenyewe kama anaweza, maana yeye ndiye anayejua angependa kushikwa vipi.